Kuhamisha barua pepe za chuo: kazi si kubonyeza kitufe

Leo tuzungumze juu ya barua pepe za wanafunzi, na kwa nini kuzihamisha ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 2006 Google ilianza kuvipa vyuo barua pepe bila malipo. Machi 2007 ikatangaza mpango na KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa cha kwanza kwenye orodha, wanafunzi 50,000. Habari njema, lakini kumbukeni kwamba wakati huo intaneti yetu ilipitia setilaiti. Setilaiti iko kama kilomita 36,000 juu ya ardhi, kwa hiyo ombi likienda na jibu likirudi ni karibu nusu sekunde, na ukurasa mmoja una maombi mengi. Seva ikiwa chuoni, barua kutoka hosteli moja hadi nyingine haitoki nje ya geti. Ikiwa ng'ambo, barua hiyo hiyo inapanda angani na kurudi! Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilipofika Mombasa mwaka 2009, hoja hiyo ikapungua nguvu.

Basi mwaka 2010 nikaitwa kusaidia chuo kimoja, jina naliacha. Seva yao ilikuwa imejaa, umeme ukikatika nayo inazima, na mwanafunzi alikuwa na nafasi ndogo mno ya kuweka barua. Kuhama ilikuwa lazima.

Sehemu rahisi ni rekodi ya MX. Ni kama kibao njiani kinachoiambia dunia: barua za kikoa hiki zipelekwe seva ile. Tatizo ni kwamba seva nyingine hukikumbuka kibao cha zamani kwa muda ulioandikwa juu yake. Chetu kilisema sekunde 86,400, yaani siku nzima. Siku mbili kabla ya kuhama tukaipunguza hadi 300. Tulipobadilisha, barua nyingi zikageuza njia ndani ya dakika chache. Seva ya zamani tukaiacha ikiwaka wiki mbili ili kupokea zilizochelewa.

Nywila je? Seva haihifadhi nywila yenyewe, huhifadhi alama iliyokokotolewa kutoka kwake, na mfumo mpya haukuikubali alama ya ule wa zamani. Kila mtu alihitaji nywila mpya. Utamtumiaje kwa barua pepe mtu asiyeweza kufungua barua pepe? Tukachapisha vikaratasi, wanafunzi wakapiga foleni dirishani na vitambulisho mkononi. Teknolojia hiyo!

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya barua za zamani. Wakubwa walisema wanafunzi waanze na masanduku matupu, kazi iishe haraka. Siku ile alikuja dada mmoja wa mwaka wa nne. Mawasiliano yake yote kuhusu ufadhili wa masomo ng'ambo yalikuwa kwenye seva ile, na hakuwa na nakala. Kwangu hoja iliishia hapo. Tukatumia imapsync, programu huria inayonakili barua kutoka sanduku moja hadi jingine. Laini ikikatika unaianzisha tena, nayo huruka zilizokwisha kunakiliwa. Tuliiendesha usiku hadi barua zote zikahama.

Kwa nini nayakumbusha haya? Kwa sababu cha bure hakidumu hivyo hivyo. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba nafasi isiyo na kikomo kwa vyuo itakwisha, na kuanzia Julai 2022 kila chuo kikawekewa terabaiti 100 za pamoja. Chuo kikibanwa, ni rahisi kuanza kupunguza kwa waliokwisha kuhitimu.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata data yako katika muundo unaohamishika. Lakini haki haikunakilii barua, ndugu yangu. Ingia kwenye akaunti yako ya chuo wiki hii, pakua kila kitu, uhifadhi mahali pako mwenyewe. Anwani ile ni ya chuo, lakini barua zilizomo ni maisha yako.

Haya, hadi siku nyingine.