Kabla ya Klipu, Kulikuwa na Demo

Nilianza kukusanya demo, yaani rekodi za uchezaji, za mchezo wa kompyuta wa Doom mwishoni mwa miaka ya tisini, enzi ambazo intaneti Dar es Salaam ililipiwa kwa dakika. Demo zilitufaa kwa kuwa ndogo. Mchezo haukurekodi picha hata moja. Uliandika tu mchezaji kabonyeza nini: kaenda mbele au pembeni, kageuka kiasi gani, kafyatua au hakufyatua. Baiti 4, mara 35 kwa sekunde. Diski ya megabaiti 1.44 ilibeba karibu saa tatu za mapigano, na Doom yenyewe iliyacheza upya mbele yako. Lakini ramani ikibadilishwa kidogo tu, askari wa mchezaji aliukosa mlango, na tangu hapo akawa anayumba kama mlevi na kumimina risasi ukutani.

Quake, mchezo wa 1996, ilinifungulia mlango mwingine. Demo yake ilihifadhi taarifa ambazo seva ilimpa mchezaji: nani yuko wapi, anaelekea wapi. Basi kamera ikawa inahamishika. Uwe Girlich alitengeneza LMPC, programu iliyogeuza demo kuwa maandishi, ukayahariri, kisha ikayarudisha kuwa demo. Nilikesha na safu za namba. Nikiongeza moja, ile ya kimo, najikuta juu darini natazama utosi wa jamaa aliyenichapa mchana, ndani ya demo aliyoirekodi mwenyewe. Kumbe hakunizidi wepesi wa mkono. Alijua deraya hurudi kila baada ya sekunde 20, akawa anafika sekunde moja kabla. Nilipoipeleka kamera chumba cha mbali, nilikuta kuta tupu: seva haikuwa imempa jamaa habari za asichoweza kukiona.

Wenzetu ughaibuni walifika mbali zaidi. Mwaka 1996 Rangers, kundi la wachezaji wa Quake, lilitoa Diary of a Camper, kifilamu cha demo kisichofika dakika mbili. Mwaka 1997 rekodi iitwayo Quake done Quick ikaumaliza mchezo mzima, katika kiwango kigumu kuliko vyote, kwa dakika 19 na sekunde 49. Kisha rekodi hiyo ikapangiwa kamera upya, ikatazamika kama sinema.

Siku hizi vijana hurekodi skrini. Klipu hufunguka kwenye simu yoyote bila kuwa na mchezo wenyewe, na hilo ni jema. Lakini huwezi kuingia ndani yake ukazunguka. Mchezo wa Counter-Strike bado unatunza demo. Kuanzia 2013, toleo lake la CS:GO liliwakabidhi wachezaji wazoefu demo za watuhumiwa wa udanganyifu, wazikague na kutoa hukumu.

Mpwa wangu akiniletea klipu ya ushindi wake, humpongeza, kisha humwuliza kama demo anayo. Akiwa nayo, tunaanza kuitazama kwa macho ya aliyeuawa.