Namba za Engaresero

Kabla ruta haijaanza kugawa namba yenyewe, kazi hiyo niliifanya mimi kwa kalamu. Kambi yetu ya Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ilikuwa na kompyuta chache, printa moja, na dishi la setilaiti lililokuwa likiliwa taratibu na vumbi la magadi kutoka Ziwa Natron. Kila mashine niliipa namba yake ya mtandao, yaani IP, nikaiandika kwenye daftari: 192.168.1.10 mapokezi, 11 stoo, 12 mhasibu.

Mgeni akija na laptopu alipitia kwangu. Nilikaa naye, nikaingiza tarakimu moja moja, wakati mwingine kwenye mashine inayosema Kijerumani kitupu. Akiondoka nililifuta jina lake. Tatizo likawa waongoza watalii. Waligundua kuwa ukinakili namba inayofanya kazi, nawe unapata mtandao, wakaanza kupeana. Namba moja haikaliwi na mashine mbili: Windows inaleta onyo la mgongano, na mtandao unayumba kwa wote. Mwisho wa mwezi ungemsikia mhasibu, "Fundi, nani tena kaikalia namba yangu?"

Simu janja zilipozidi, daftari likashindwa. Ikabidi ruta igawe namba yenyewe, kwa utaratibu uitwao DHCP. DHCP haikuwa ngeni. Utaratibu wake ulichapishwa mwaka 1993, ukaboreshwa 1997, na kwenye ruta yetu ulikuwepo siku zote, umezimwa tu. Namba za chini nikaziacha kwa ofisi na printa, kuanzia 100 hadi 149 nikaikabidhi ruta. Simu ikiingia inatangaza kwamba inatafuta mgawaji. Ruta inaipendekezea namba, simu inaiomba rasmi, ruta inathibitisha. Hata chai hujakoroga.

Kilichohitaji akili ni muda. Ruta ilikuja na mpangilio wa kumwachia kila mtu namba yake siku nzima, na hiyo inafaa ofisi ya mjini. Kwetu wageni huanza kupanda Lengai usiku wa manane ili alfajiri iwakute kileleni, wakashuka, wakala, wakaondoka kuelekea Mto wa Mbu au Loliondo. Wao wameshaenda, namba zao bado zimeshikwa. Kundi la jioni likifika, laptopu zinaonyesha 169.254, namba ambayo mashine hujipa yenyewe ikikosa wa kuijibu. Alama ya Wi-Fi imejaa, ukurasa haufunguki. Nikaushusha muda huo uwe wa saa mbili tu. Aliyepo hasumbuki, maana kifaa chake huomba kuongezewa kabla muda haujaisha.

Naipenda kazi hii ya ruta, ila haijui watu. Zamani nilijua aliye hewani na hema lake. Siku hizi skrini inanionyesha "iPhone", "iPhone", "Galaxy". Meneja akiuliza nani anamaliza bando kwa kupakua filamu, naikata ile inayovuta zaidi, kisha nasubiri nione nani atakuja kulalamika.