Tulitembea Bel-Air Kutafuta Mahali pa Kitu Kizuri



Jumamosi iliyopita, kisha salongo, wanawake tisa wa kikundi chetu hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tuliacha mafagio na majembe kwa mama mapasa, tukanawa mikono, tukaanza kutembea katika Bel-Air yetu kama wageni. Tulikuwa na daftari moja, kalamu mbili, na swali lililotoka katika mkutano wa mwezi: kama siku moja fedha ya kupamba mji ingefika huku Kampemba, fedha ya bustani, ya sanamu au ya michoro, sisi tungesema iende wapi?

Msicheke. Mji wetu si mgeni katika mambo haya. Tangu mwaka 2008 jumuiya ya wasanii inayoitwa Picha, waliyoianzisha watoto wa hapa kama Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, inafanya Biennale de Lubumbashi, na wasanii wanakuja toka nchi nyingi. Mwaka 2022 lilikuwa toleo la 7, na neno lake lilikuwa sumu ya mji. Kazi hizo zimeonekana kwenye Makumbusho ya Taifa na mahali pengine pa mji. Lakini kwa kwenda kuziangalia, mama wa Bel-Air analipa taksibisi yeye na watoto, na siku hiyo biashara yake imelala. Ndiyo maana tulitaka kuwa na jibu letu mkononi. Mahali pasipo na jibu, mtu mwingine anajibu.

Tulianza na mahali ambapo wababa walikuwa wamependekeza: mzunguko wa barabara. Wanasema kila mtu atapaona. Ni kweli, kila mwenye gari atapaona. Sisi tulisimama pembeni karibu nusu saa. Malori yalipita yakielekea kwenye viwanda, vumbi la mwezi wa nane likatuingia kinywani, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuvuka mpaka katikati. Mjukuu wa mama mmoja, wa miaka minne, alivuta mkono wa nyanya yake akitaka kukimbilia yale majani ya katikati. Nyanya alimkamata kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Tukaandika kwenye daftari: mzunguko, hapana.

Mtu atasema: na sanamu ya Moïse Tshombe pale mjini, mbele ya Posta, si iko katikati ya barabara pia? Iko, ila pale watu walikuwa wanakwenda kwa miguu tayari. Wanakutana, wanangojana, wanapigwa picha. Sanamu ilikuta watu. Katika mzunguko wetu ingekuta malori.

Mahali pa pili ni ile nafasi ndefu kando ya mfereji, ambapo takataka zinachomwa. Kwa macho inapendeza kufikiria: ingesafishwa, ingepandwa majani, watoto wangecheza. Hapa mama mmoja aliyefanya kazi ya shamba miaka mingi aliinama, akachukua udongo, akaunusa, akautupa. Akauliza: tunajua kitu gani kimelala humu?

Swali lile lilitusimamisha, na tunataka kila mama alisikie. Bomba refu la kiwanda cha shaba, lile ambalo kila mtoto wa Lubumbashi analichora kabla hajajua kuandika jina lake, lilikuja na kazi ya kuyeyusha shaba iliyoanza hapa mwaka 1911. Pepo za kusini-mashariki zilipeleka moshi wake zaidi upande wa kaskazini-magharibi, na kule kuna ardhi ambayo mpaka leo haioti kitu kwa sababu ya madini yaliyoanguka juu yake. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamejaribu kupanda hapo majani yanayovumilia shaba ili kuifunika ardhi hiyo. Bel-Air haiko kwenye njia ile ya moshi, lakini ni jirani ya viwanda, na mtoto mdogo anapocheza anaweka mikono kinywani. Kwa hiyo kabla ya kusema "hapa pawe bustani", udongo upimwe. Ua likifa hatutalia sana. Tukaandika: mfereji, tungoje vipimo.

Mahali pa tatu hatukuwa tumepanga kupaangalia. Tulifika pale kwa sababu tulikuwa na kiu.

Wengi wenu mnapajua: kisima cha pampu, ukuta wa masomo, na katikati yake kipande cha ardhi tupu chenye mwembe mkubwa. Saa ile kulikuwa na wanawake zaidi ya kumi wakingojea maji, mabido ya njano yamepangwa mstari, watoto chini ya mwembe wakipiga mpira wa mifuko ya plastiki. Hakuna kiti. Mama mwenye mimba alikuwa amekaa juu ya bido lake. Tulipouliza watoto kama wanakuja hapa mara nyingi, kijana mmoja alitutazama kama watu wasiojua kitu. "Hapa njo tunachezaka," akasema, akarudi kwenye mpira.

Sisi walimu watatu tuliokuwa katika kundi tulifurahi upesi kupita kiasi. Tukasema: vizuri, mchoro uwekwe ndani ya uwanja wa masomo, kwenye ukuta ule, utalindwa na mlinzi, tutafundishia hesabu na historia. Bamama wengine wakanyamaza. Halafu mmoja akauliza, kwa adabu: "Na lango likifungwa, mwalimu?" Lango likifungwa, watoto wasiosoma pale wanabaki nje, na wale wa kisima pia. Tunakiri kwamba tulikuwa tumechagua mahali pa kutufaa sisi. Ukuta una pande mbili. Upande wa kisima ndio unaotazamwa na watu siku nzima.

Hapo mama anayeuza makala karibu na kisima, ambaye alikuwa akitusikiliza muda wote, aliingia katika maneno. "Mwalimu, ile sanamu itatuletea maji?"

Tulijibu vibaya. Tulisema mambo ya uzuri, ya roho ya mtoto, kama tulivyofundishwa kule ISP. Alitungoja tumalize. Yeye anaamka saa kumi za usiku kungojea maji, anajua bei ya bido moja kuliko sisi tunavyojua alfabeti. Hatukuwa na haki ya kumwambia kwamba mchoro unapita maji, na kwa kweli haupiti. Kama fedha ile ile ingeweza kuongeza pampu, hata sisi tungechagua pampu. Ila fedha ya sanaa haibadilishwi kuwa pampu. Ukiikataa inakwenda kupamba mahali pengine, mara nyingi mahali palipokwisha kupambwa.

Tulimweleza hivyo. Akafikiri, halafu akatuambia jambo ambalo daftari letu halikuwa nalo. Mwaka uliopita, asubuhi moja, walikuta vigingi vinne vimepigwa kuzunguka mwembe, na matofali yameshushwa. Hakuna aliyejua yametoka wapi. Watoto walifukuzwa. Bamama wa kisima walipiga kelele siku tatu, wakakaa juu ya yale matofali na mabido yao, mpaka yakaondolewa kama yalivyokuja. "Lakini batarudia," akasema. "Pale hapana kintu. Mahali pasipo kintu banaona ni parseli. Kama kuko kintu ya batu bote, mutu ataogopa kuuzisha."

Tangu siku hiyo tunalirudia neno lake. Tulikuwa tumetoka kutafuta mahali panapostahili kupambwa, naye akatuuliza mahali gani patapotea tusipopapamba. Angalieni katika mitaa yenu. Uwanja tuliochezea sisi tukiwa wasichana uko wapi? Wengi wetu tukitaka kuuonyesha watoto, tunaonyesha ukuta wa mtu.

Wanawake wengine walikwisha kupita njia hii. Nairobi, mwaka 1989, wakubwa walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo watu wasio na kitu wanapumzikia siku ya Mungu. Wangari Maathai, mama wa ile harakati ya kupanda miti, aliandika barua juu ya barua. Walimtukana kwa kuwa mwanamke. Jumba halikujengwa. Mwaka 1992 mama za wafungwa wa siasa walikaa katika kona ya bustani ile ile wakifunga kula, wakidai watoto wao. Kama pangekuwa na ghorofa 60, wangekaa wapi?

Na sisi wa Lubumbashi tuna historia yetu ya nafasi tupu, isiyo tamu. Wakoloni walipopanga Élisabethville waliacha ukanda mpana usiojengwa kati ya mji wa wazungu na mtaa wa weusi, mamia ya mita. Sababu waliyotoa ilikuwa mbu: wasiruke toka kwetu mpaka kwao. Wafanyakazi waliambiwa walete nzi 50 kwa siku ndipo wapewe chakula chao. Sammy Baloji ametengeneza kazi juu ya jambo hilo, picha za mji zilizopigwa toka angani zimewekwa pamoja na picha za wadudu wa makumbusho, na mwaka 2015 ilionyeshwa Venice, Italia. Basi nafasi tupu ya kwanza ya mji huu iliachwa ili kutuweka mbali. Hii ndogo ya mwembe imebaki kwa sababu watu wanakaribiana hapo. Tunaona inastahili kulindwa.

Jinsi ya kuchagua, tuna mfano mmoja wa mbali unaotupendeza. Amsterdam, Uholanzi, kisha vita kuu ya pili, watoto hawakuwa na mahali pa kuchezea. Katika ofisi ya mipango ya mji alikuwemo mama mmoja, Jakoba Mulder, na kijana mchora ramani, Aldo van Eyck. Walianza mwaka 1947 na uwanja mmoja: sanduku la mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vya kupandia, viti. Kisha wakazi wa mitaa mingine wakaandika barua: na sisi tuna kipande tupu, njooni. Katika miaka 30 hivi vikawa viwanja zaidi ya 700. Hawakuleta wataalamu kuchagua mahali peke yao. Waliofahamu kile kipande ndio walioandika.

Sasa kitu chenyewe kiwe nini? Hapa tuligombana kidogo, kicheko kikiwemo. Mmoja alitaka sanamu ya shaba, kwa kuwa sisi ni watu wa shaba. Tukamwuliza itakaa usiku mangapi. Vijana wanaokusanya mitraye wangeimaliza kabla ya Noeli, na hatungewalaumu sana. Mwingine alitaka mama aliyebeba mtoto, kama zile za kila mahali. Tukakubaliana kwa vitu viwili visivyouzika. Cha kwanza ni viti vya saruji vinavyozunguka mwembe, virefu, vyenye vipande vya sahani na vigae vilivyovunjika vya nyumba zetu wenyewe, ili mtu akae akingojea maji. Cha pili ni mchoro kwenye ukuta, upande wa nje.

Kuhusu mchoro, tukumbuke tulikotoka. Miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa mji huu zilikuwa na mchoro katika saloni: mamba muntu na nywele zake ndefu, au wanyama wakikimbia moto wa pori. Tshibumba Kanda-Matulu aliuza kazi zake kwa watu kama baba zetu kabla wazungu hawajaziandikia vitabu. Kabla yake Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege wake papa hapa. Mama zetu walikuwa na sanaa ukutani na hawakuiita sanaa. Kwa hiyo msanii yeyote atakayekuja, tunamwomba kitu kimoja: akae siku mbili kisimani kabla ya kushika brashi.

Mama wa makala hakusema kwamba amekubali. Alisema viti ndiyo, mchoro tutaona. Aliongeza kwamba mwembe usikatwe hata tawi, na kwamba mstari wa mabido usihamishwe upande wa jua. Tumeandika yote mawili juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa.

Tulipima kwa miguu: hatua 41 kwa 28. Hatua si mita, na mama mmoja ana miguu mirefu, kwa hiyo Jumamosi hii tunarudi na kamba na mita kabla ya kupeleka barua kwa komini. Tunahitaji pia chupa safi tano za kuchukulia udongo wa pale na wa mfereji, na mtu mwenye ndugu katika kitivo cha kilimo. Wazee wanaokumbuka nani alipanda ule mwembe wanaombwa waje kusema mbele ya watu, ili iandikwe. Tunakutana kisimani saa tatu za asubuhi, na kila mtu alete bido lake, kwa maana tukifika pale tutangojea maji vilevile.