Mtu Aliyegeuka Njiani

Kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tunduma kuna kijiji cha Ihanda. Mtoto akaaye hapo huona watu wengi wakipita, na mara moja moja humwona mmoja ageukaye na kurudi alikotoka. Watu humcheka. Lakini pengine mtu huyo aligeuka kwa kuwa aliamini kwamba wenzake wamepotea njia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zuberi Mtemvu.

Bwana huyo alikuwa mmoja wa viongozi wa TANU, chama kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, siku za utawala wa Waingereza. Serikali iliweka sharti gumu katika uchaguzi: kila mpiga kura awachague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa wengi kupita wote, nao wakaona uchungu. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora. Julius Nyerere akawasihi waingie katika uchaguzi, maana wakisusa, viti vitachukuliwa na wapinzani wao. Wengi wakamfuata. Mtemvu hakukubali. Akatoka TANU, akaunda chama cha African National Congress, akihubiri kwamba Afrika ni ya Waafrika.

Je, alikuwa msaliti? Msaliti hutoka usiku, akauza siri za wenzake apate malipo. Mtemvu alitoka mchana, akataja sababu yake, akaacha chama chenye nguvu na kwenda penye watu wachache. Hata hivyo hesabu yake ilikosea. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 walioungwa mkono na TANU walishinda, Waasia na Wazungu wakiwamo; na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Mwezi wa Novemba 1962 Mtemvu alishindana na Nyerere katika kuwania urais. Nyerere alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276. Haukupita muda mrefu, akarudi TANU.

Kutoka kulitaka moyo. Kurudi kulitaka moyo zaidi, maana arudiye hukutana na wale wale aliowaacha. Basi mtu asihukumiwe kwa kugeuka tu. Na aulizwe: Uligeuka kwa ajili ya nini? Je, uliwaambia wenzako kweli? Awezaye kujibu hayo bila haya, asiogope kicheko cha wapita njia.