Mkufunzi wa Nafsi Yake

Mtu aliyezoea kuamrishwa hupotea siku ya kuwa peke yake. Chuo cha Pasiansi, Mwanza, kimefunza askari wa wanyamapori tangu mwaka 1966. Chuoni mkufunzi yupo, porini hayupo. Huko hofu au rushwa ikimjia askari, hapana wa kumwonya ila nafsi yake.

Nafsi nayo hufunzwa kwa maswali machache. Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, walioanzisha kituo cha ushauri mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1978, walimwuliza mtu: katika ngazi ya vipandio 0 hadi 10, umesimama wapi leo? Akijibu 3, hawakumlaumu kwa 7 vilivyobaki. Walimwuliza alifikaje pale, na nini kitamfikisha cha 4.

Swali hilo mtu aweza kujiuliza kila jioni. Sharti lake ni ukweli. Ajiwekaye juu asikofika hana tena haja ya kupanda. Ajiwekaye chini kabisa hufuta hata mema aliyokwisha kutenda. Mkufunzi hudanganywa asijue, lakini nafsi haidanganywi ila kwa ridhaa yake, na hasara ni yake. Kipandio kimoja cha kweli chashinda nadhiri kumi.