Umesoma Mstari wa 17. Je, wa 16?

Leo fungua nami Isaya 54. Najua mstari wa 17 unaujua, ule wa silaha kutofanikiwa juu yako. Tumeukiri kwenye kesha, tumeubandika kwenye vioo vya matatu, tumeuandikiana siku za kuzaliwa. Sasa rudi nyuma mstari mmoja tu. Wa 16 unamtaja mhunzi. Mungu anasema huyo mtu wa makaa na nyundo, ambaye silaha inatoka mikononi mwake, ni kiumbe chake.

Kumbe kabla silaha haijakufikia wewe, kuna fundi aliyeishika. Sisi tunaombea silaha ishindwe na kumsahau fundi, na huenda fundi mwenyewe ameketi safu ya tatu kutoka nyuma, anapiga makofi pamoja nasi.

Naandika kwa sababu ya kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kisumu. Ameniruhusu nisimulie, jina lake nalihifadhi. Ana kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yao Nyalenda. Ndani kuna vaisi, tupa za kila namna, greenda, na mikebe ya misumari na springi ambazo mtu mwingine angezitupa. Anafufua vitu vya zamani: pasi za makaa, taa za karabai, baiskeli, mizani ya wauza samaki wa Dunga. Mikono yake ina neema, hilo nasema bila kutia chumvi.

Siku moja rafiki yake wa shule alimletea kitu kimefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa bastola. Webley, ile ya Waingereza iliyokuwa ikitengenezwa Birmingham, inayovunjika katikati ukitaka kuijaza risasi. Ilitoka kwenye sanduku la babu yake huko Seme. Familia inasema mzee alirudi nayo kutoka Burma, alikopigana na KAR katika Vita vya Pili vya Dunia, akaificha chini ya nguo zake za jeshi mpaka alipokufa. Kutu ilikuwa imeila, mpini umepasuka, springi moja imekatika.

Huyo rafiki si mwizi. Nataka uelewe hilo, maana ukisikia bastola Kisumu akili yako inakimbilia kwingine. Alitaka kumbukumbu. "Omera, itoe kutu, itie rangi yake ile nyeusi ya buluu, uchonge mpini mpya wa mpingo, uandike jina la babu hapa ubavuni. Na hiyo springi, itengeneze ili izunguke kama zamani." Akaweka elfu kumi na tano mezani.

Fundi wetu hakukataa na hakukubali. Aliifungia kwenye boksi la vifaa akaja kwangu Jumatano baada ya maombi ya saa sita. Akaniambia, "Pasta, sijawahi kuona chuma kilichokatwa vizuri namna ile. Natamani kukifanya. Hii ni dhambi?"

Mpendwa, nilimwelewa kabisa. Kabla ya kuitwa katika huduma nilifanya kazi ya chuma miaka tisa. Ninajua raha ya kuloweka kitu katika mafuta ya taa usiku kucha na asubuhi kukuta skrubu iliyokataa kwa miaka inakubali. Unapitisha msasa laini, kutu inaondoka, na namba za kiwandani zinaanza kusomeka. Unajihisi kama unamrudisha mtu kutoka kaburini. Raha hiyo Mungu ameiweka ndani ya fundi, na sitaki mtu aniambie ni ya shetani. Ndiyo maana sikumjibu kwa kukemea. Nilimuuliza swali moja: ukimaliza, itakuwa nini?

Pasi ikifufuka inapiga nguo. Mizani ikifufuka inapima omena. Bastola ikifufuka inafanya nini? Mpini wa mpingo na jina la babu ni mapambo. Ile springi ndiyo kazi yenyewe. Siku springi inarudi mahali pake, kumbukumbu inageuka kuwa silaha, na silaha haijui ilitoka kwenye sanduku la nani.

Kisha tukazungumza sheria, kwa sababu kiroho kisichojua sheria kinapeleka vijana jela. Hapa Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Huwezi kumiliki bastola bila cheti, na uzee wake au urithi haukupi cheti. Hata kuitengeneza kama kazi ya malipo ni kwa wafanyabiashara wa silaha waliosajiliwa tu. Kibanda cha mabati Nyalenda hakimo. Mwezi Desemba 2018 serikali iliagiza hata raia wenye leseni halali wahakikiwe upya. Kama mwenye karatasi zote anaitwa kujieleza, wewe mwenye kitenge utasema nini?

Na usiniambie haipigi. Sheria hiyohiyo inamfuata hata anayefanya uhalifu kwa bastola ya bandia, kwa sababu mama anayeelekezewa mtutu gizani hawezi kujua kama springi imekatika. Tena kijana akikutwa nayo kiunoni saa nne usiku pale Kondele, nani atamuuliza habari za Burma? Na kama mtu atapata risasi mahali na kujaribu, chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani kinaweza kumpasukia mkononi. Fundi aliyeipaka rangi ikang'aa ndiye aliyemfanya aiamini.

Watu wa ziwa hili tunajua habari za wahunzi. Zamani, kabla ya majembe ya dukani, wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma cha vilima vyao na kufua majembe yaliyouzwa mbali, na wazee wetu wa Kijaluo waliyatumia hata katika mahari. Jembe lilikuwa mali, lilioa mke. Mhunzi wa namna hiyo alijua pia kufua mkuki. Moto uleule, nyundo ileile. Tofauti ilikuwa aliyekuja kuagiza, na kama mhunzi alikubali.

Soma pia 1 Samweli 13 kuanzia mstari wa 19. Wafilisti hawakujisumbua kunyang'anya Israeli kila upanga. Waliwaondolea wahunzi, basi. Mkulima akawa anateremka kwa adui na kulipa ili tu anolewe jembe lake. Wafilisti walielewa thamani ya fundi kuliko makanisa mengi ninayoyajua. (Ndiyo, nasema na sisi wachungaji. Tunawawekea mikono wanakwaya na mashemasi. Lini mara ya mwisho umeona fundi wa jua kali wa Kibuye akiitwa mbele aombewe vifaa vyake?)

Huko Msumbiji kanisa lilielewa. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe viliisha kwa mkataba wa 1992, lakini bunduki zilibaki zimefukiwa mashambani na kufichwa majumbani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kazi ya kuzibadilisha. Ulete bunduki, uondoke na jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwa, na mafundi sanaa wakaunda vitu kutokana na vipande. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato anayeitwa Kester, mwaka 2001 aliunganisha vipande vya bunduki akatengeneza kiti. Leo kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Kwetu Kenya njia imekuwa moto: Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa Ngong mbele ya watu. Sina neno na moto, ila ile ya Msumbiji inanigusa zaidi, kwa sababu mtu hakurudi nyumbani mikono mitupu.

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu kwetu. Shida haikuwa kijana wa kuleta bastola, ilikuwa nyanya yake. Tulikwenda Seme mimi, fundi, na yule rafiki. Mama mzee alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mchungaji, mume wangu hana picha hata moja. Hicho chuma ndicho alichokishika. Mnataka niwape polisi mkono wake?" Sikuwa na mstari wa kumjibu. Tulikaa kimya, kuku wakipita mlangoni. Baadaye akauliza mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama kitu hicho kinaweza kumfunga mjukuu wake. Nikamwambia ndiyo, dani, kinaweza. Akainamisha kichwa.

Baba mdogo wa kijana alimwita naibu wa chifu, naye akawapigia polisi. Hatukuibeba sisi. Ilikuwa bado imefungwa kwenye kitenge kilekile, iwekwe mezani, wenyewe waje waichukue. Maelezo yaliandikwa, mzee wa ukoo akatia sahihi, hakuna aliyekamatwa. Siwezi kukuahidi kwamba kila mara itakuwa laini hivyo, lakini ukisubiri wao waikute, maelezo yako yatakuwa na uzito mdogo sana.

Elfu kumi na tano zilirudi kwa mwenyewe, na mwezi huo kodi ya nyumba ya fundi ilichelewa. Sikutuma pesa kutoka sadaka, wala muujiza wa M-Pesa haukutokea. Lakini ndani ya lile sanduku la babu, chini ya nguo za jeshi, kulikuwa na kichwa cha cherehani, Singer ya mkono, kimekaza kabisa. Nyanya alisema mzee aliinunua aliporudi kutoka vitani, na kwa miaka ndiyo iliyoshona sare za watoto wa kijiji. Fundi alikiomba. Amekiloweka wiki mbili sasa. Gurudumu linazunguka nusu, kisha linagoma. Jana alikuwa Kibuye akitafuta shatli ya zamani inayofanana. Mpini wa gurudumu amekwisha kuuchonga, wa mpingo, na jina la mzee liko ubavuni.

Kama una chuma kama kile kwenye sanduku la marehemu, usikiguse, usikipige picha ya kutuma, usikipandishe matatu kukipeleka popote. Mwite mzee wa familia na chifu, waache polisi waje. Na kama wewe ni fundi na kuna mtu amekuwekea pesa mezani wiki hii, nitakuwa kanisani Jumatano baada ya maombi ya saa sita. Njoo hata na mafuta mikononi.