Kiyoyozi cha sola kwenye gari-nyumba: Usingizi wa nani kwanza?

MAHALI penye jua kali ndipo watu wanapohitaji kiyoyozi, na ndipo paneli za sola zinapopata jua la kutosha. Ukilitazama jambo hili juu juu, utadhani tatizo limekuja na dawa yake. Familia moja ya Kitanzania iliyoko Arizona, Marekani, iliamini hivyo ilipohamia kwenye gari-nyumba, lile gari kubwa mfano wa basi lenye vitanda, jiko, friji, bafu na choo ndani.

Mama ni muuguzi wa mikataba. Marekani kazi hiyo ni ya kawaida: hospitali yenye upungufu humchukua muuguzi, mara nyingi kwa wiki 13, kisha anaongeza mkataba au anahamia mji mwingine. Mikataba mingi huja na posho ya malazi. Anayepata pa kulala kwa bei nafuu hubaki na chenji, ndiyo maana wauguzi wengine hununua gari-nyumba badala ya kupanga na kuhama kila baada ya miezi mitatu.

Chenji hiyo ilikuwa na kazi yake. Tanga walikuwa na nyumba iliyoishia kwenye lenta. Baba aliacha kazi ya ghalani ili alale na mtoto wao wa miaka minne mama anapokuwa zamu ya usiku. Kila dola iliyobaki ilihesabiwa kwa mabati na mbao.

Waliegesha nje kidogo ya jiji la Phoenix, kwenye uwanja wa rafiki yao. Maji yalikuwepo, umeme haukuwepo. Kambi ya magari yenye umeme ilikuwa na kodi ambayo baba aliiona ni sawa na kuyatupa mabati yao kila mwezi.

"Sisi watu wa Tanga, jua litatutisha?" alimwambia mkewe. "Tutalifanyisha kazi."

Hesabu ya uniti

Joto la Phoenix si la mzaha. Mwaka 2023 jiji hilo lilikaa siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 au zaidi. Mwaka huo huo, wilaya ya Maricopa, lilipo jiji hilo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Usiku nako si nafuu. Zipo siku za Julai ambazo hata alfajiri joto halishuki chini ya nyuzi 32.

Baba alifunga paneli sita za wati 200 kila moja juu ya paa, jumla wati 1,200. Ndani akaweka betri nne za lithiamu, kila moja ikibeba uniti 1.28, yaani zaidi kidogo ya uniti 5 kwa zote. Uniti hizi ni zile zile ambazo mtu wa nyumbani hununua kwa LUKU: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, uniti moja imekwenda.

Kwenye karatasi mambo yalipendeza. Lakini paneli zilizolazwa bapa juu ya paa la gari hazitoi kile kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko kinasema wati 1,200 paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juani Phoenix, paneli yenyewe inaweza kupita nyuzi 65, na kila nyuzi moja ya ziada hula sehemu ndogo ya nguvu yake. Toa na vumbi, toa na kinachopotea kwenye waya na kwenye inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuendesha vifaa vya nyumbani. Siku njema iliwapa uniti 5 hadi 6, siyo zaidi.

Kiyoyozi cha paani kilichokuja na gari kilikuwa cha aina ya zamani, cha BTU 13,500. Kompresa yake ikizunguka hula takriban wati 1,500, na ukiongeza upotevu wa inveta unafika uniti 1.65 kwa saa. Nyumba ya kawaida ikishapoa, kompresa hupumzika. Kuta za gari-nyumba ni nyembamba na madirisha ni mengi, kwa hiyo nje kukiwa nyuzi 43 kompresa haipumziki.

Sasa tazama ratiba. Mama hutoka kazini saa moja na nusu asubuhi, anaoga, anakula, saa tatu analala. Anapaswa kuamka saa tisa alasiri. Saa sita za kiyoyozi ni karibu uniti 10. Kwa saa hizo jua lilitoa uniti nne na nusu hivi, zilizobaki zikatoka kwenye betri. Mama alipoamka, betri zilikuwa tupu. Jua lililobaki hadi machweo liliingiza uniti moja au zaidi kidogo, na friji nayo ilikuwa inasubiri haki yake.

Usiku ulipoingia, mtoto alikuwa na kiyoyozi cha muda usiozidi saa moja.

Hapo ndipo suala likaacha kuwa la wati. Kulikuwa na walalaji wawili, mmoja mchana na mwingine usiku, na betri za mmoja tu. Muuguzi asiyelala huhesabu dawa za wagonjwa macho yakimfumba. Mtoto wa miaka minne hawezi kuamka na kusema mwili wangu umepata joto kupita kiasi. Nani apewe uniti?

Bibi na habari ya dari

Bibi yuko Tanga na hupiga simu ya video baada ya swala ya alfajiri, ambapo Arizona ni saa moja na nusu jioni ya siku iliyopita. Mama huwa ameshaingia kazini, hivyo wanaoongea ni bibi, baba na mjukuu.

"Mbona mtoto yuko kifua wazi na jasho linamtiririka?" aliuliza siku moja.

Baba akamweleza habari za betri. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hapa mtu akiezeka bati bila dari, mchana ndani hakukaliki. Hata umpe feni tatu. Nyie hilo gari lina dari?"

Swali lilikuwa jepesi, na lilikuwa sahihi. Baba alikuwa ametumia fedha zote kutengeneza baridi na hakutumia hata kidogo kuzuia joto. Wiki hiyo alikata vipande vya sponji ngumu yenye karatasi ya kung'aa, akaziba kioo kikubwa cha mbele, madirisha yote ya upande wa magharibi na matundu ya hewa ya paani. Aligeuza gari ili ubavu wenye madirisha mengi utazame kaskazini. Akaning'iniza pazia zito kati ya chumba cha kulala na sebule, ili kiyoyozi kipoze kitanda kisipoze usukani. Kupika kukahamia nje.

Wazo la kuegesha chini ya mti lilikataliwa na paneli zenyewe. Kivuli kinachompoza mtu huinyima sola jua, na paneli zikiunganishwa kwa mfuatano, moja ikifunikwa huziburuza na wenzake. Afadhali ni kwamba paneli zilizoachiwa nafasi juu ya paa huwa kivuli cha paa lenyewe.

Kompresa ikaanza kupumzika. Siku nyingi mama alilala na bado zikabaki uniti tatu au nne za usiku. Baba akaanza kusema "nilikwambia."

Usiku wa vumbi

Miezi ya Julai na Agosti, Arizona hupata dhoruba za vumbi zinazosimama kama ukuta, ambazo huko huitwa kwa jina la Kiarabu, haboob. Alasiri moja ukuta huo ulifika. Jua likafifia mapema, paneli zikapakwa udongo, na betri zikaingia usiku zikiwa chini ya nusu.

Baba alihesabu kwamba zitafika alfajiri kama kiyoyozi kitawaka na kupumzika. Akamlaza mtoto, naye akalala kitanda cha pili.

Betri za lithiamu zina ulinzi ndani yake. Zikikaribia kuisha hukata umeme zenyewe ili zisiharibike, na hazimwamshi mtu. Saa nane usiku zilikata. Kilichomwamsha baba ni kipimajoto kidogo cha betri ya saa ambacho mama alikibandika karibu na mto wa mtoto na kukiwekea kengele kwenye nyuzi 32. Mama alikinunua bila kuomba ushauri wa mtu.

Mtoto alikuwa amelowa, uso mwekundu, amelegea. Baba alimwita mara ya kwanza hakuitika. Mara ya pili akafungua macho na kuomba maji. Baba akampa maji kidogo kidogo, akamfuta kwa taulo lenye maji, akamfunga kwenye kiti chake, akawasha injini na kiyoyozi cha mbele cha gari. Hakurudi kuegesha. Aliendesha hadi kwenye maegesho ya hospitali anayofanya kazi mkewe, akakaa hapo hadi kunapambazuka, kwa kuwa kama hali ingebadilika, mlango wa dharura ulikuwa hatua chache.

Mama alipotoka saa moja na nusu aliikuta nyumba yake nje ya kazi yake. Alimpima mtoto joto, akamtazama macho na ulimi, akamuuliza amekojoa mara ngapi. Mtoto alikuwa salama. Ndipo akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, bati likichelewa mwaka, ni bati. Tuhame leo."

Jioni hiyo walikuwa kambini kwenye nguzo ya umeme ya ampea 30, inayotosha kuendesha kiyoyozi hicho usiku kucha. Walilipa kodi hadi mwisho wa Septemba. Nyumba ya Tanga ilibaki kwenye lenta.

Sola ilibaki na kazi gani?

Paneli hazikufunguliwa paani. Kuanzia Oktoba hadi Aprili jangwa hilo lina hali ya hewa ya kuvutia, na ndiyo miezi ambayo wazee wenye magari-nyumba hujaa mji mdogo wa Quartzsite. Wakati huo sola iliendesha friji, taa, pampu ya maji, feni na simu bila kodi ya umeme. Fedha zilipopatikana, walibadilisha kiyoyozi cha zamani kwa kile cha inveta, ambacho hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwasha, na chumba kikishapoa hula wati 500 hadi 700. Hapo usingizi wa mchana wa mama ukawa wa jua kweli.

Na mkataba wa kiangazi kilichofuata mama aliutafuta Flagstaff, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka Phoenix. Tofauti ni kama ya Tanga mjini na Lushoto. Nyumba yenye magurudumu ina faida hiyo moja ambayo paneli haziwezi kuishinda: inaweza kupanda mlima.

Kwa mzazi mwenye mpango kama huu

Wapo wazazi Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanaofikiria sola yenye kiyoyozi nyumbani, na hesabu ni ile ile. Anza na saa, siyo na paneli: nani analala, saa ngapi, kwa muda gani. Zidisha kwa uniti za kifaa chako. Kisha uliza itakuwaje siku ya wingu. Kabla ya kununua betri ya pili, weka dari, pazia na kivuli.

Jenereta isiwekwe ndani wala karibu na dirisha la mtu aliyelala. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Kwenye gari-nyumba kengele ya gesi hiyo ni ya lazima kama breki.

Feni peke yake isiaminiwe hewa ikishapita nyuzi 35, kwa kuwa inampulizia mtoto joto. Na mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari kwa sababu kiyoyozi kinawaka. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Marekani pekee, tangu 1998, wastani wa watoto wapatao 37 hufa kila mwaka kwa joto ndani ya magari. Mtoto akilegea, akitapika, akiongea yasiyoeleweka au ngozi ikiwaka moto, mpoze kwa maji huku unamkimbiza hospitali.

Bibi bado hupiga simu baada ya alfajiri. Siku hizi hamuulizi mkwewe habari za betri. Anamwambia ageuze simu ukutani, asome namba ya kile kipimajoto.